«Juu ya nini?»: swali dogo lenye linakomalisha mutu kwa kazi

Kuanzia Muheto mupaka Walikale-centre, mufanyakazi mwenye kuuliza sana hapendwi kila mara. Kwenye kituo cha afya, kwenye garaje ya mapikipiki, kwenye shimo ya koltani ao kwenye biro ya serikali, mutu mupya akiuliza «juu ya nini tunafanya hivi?», jibu lenye anapata mara mingi ni hili: «Ni vile tumezoea.» Akirudilia, watasema anajifanya mukubwa, ao anataka kiti cha mutu. Mwisho ananyamaza. Anafanya sawa vile wengine wanafanya, na kisha miaka kumi anajua kazi ileile yenye alijua mwezi wa kwanza.

Lakini moja kati ya dawa mbili zenye ziliokoa wagonjwa wa Ebola kule Beni na Butembo ilitoka kwa maswali ya watu wenye hawakunyamaza. Historia yake ilianza mu 1976, mbali sana na Kivu, wakati munganga mumoja wa Kongo aliona kitu kidogo chenye hakikueleweka na akakataa kukiacha. Ilipita Kikwit mu 1995, kisha ikafika Kivu ya Kaskazini mu 2018. Kwa kila mutu mwenye kutumika, hata kama kazi yake si ya unganga, historia hii inaonyesha namna hamu ya kujua inakomalisha mufanyakazi, na pia inaomba nini kwake.

Kuuliza kazi si kuuliza habari za watu

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuna mutu mwenye anataka kujua mushahara wa mwenzake, nani alikosana na shefu, nani aliingizwa kwa kazi juu iko ndugu ya fulani. Hiyo ni songisongi, na inaharibu kazi. Kuna mutu mwingine mwenye anataka kujua kazi yenyewe: juu ya nini dawa hii inawekwa kwenye baridi, juu ya nini mashini inapata moto kila saa sita ya muchana, juu ya nini wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaanguka wote kwa hesabu ileile.

Njia ya kutofautisha si nguvu. Songisongi inatafuta mutu wa kusema. Swali la kazi linatafuta sababu. Ndiyo maana wazee wanasema kuuliza si ujinga: mwenye kuuliza anaonyesha kwamba anajua mahali ujuzi wake unafikia, na kwamba anataka kupapita.

Yambuku, 1976: damu yenye haikukauka

Mu mwezi wa Septemba 1976, ugonjwa wenye haukujulikana uliua watu kule Yambuku, kwenye misioni ya Wakatoliki katika jimbo la Équateur la wakati ule. Serikali ya Kinshasa ilimutuma Jean-Jacques Muyembe. Alikuwa na miaka 34. Alikuwa amesoma unganga pale Kinshasa, kisha akajifunza mambo ya virusi kule Leuven, inchi ya Ubelgiji.

Watu walifikiri ni homa ya tifoide ao homa ya manjano, magonjwa yenye yalijulikana. Ilikuwa rahisi kuandika hivyo katika raporo na kurudi Kinshasa. Lakini wakati Muyembe alikuwa anatoa damu ya wagonjwa, aliona kitu: mahali sindano ilipita, damu iliendelea kutoka, haikukauka sawa vile inakaukaka kwa mutu wa kawaida. Mikono yake, yenye haikuwa na ganti, ilijaa damu. Aliinawa na maji na sabuni, na pengine ile sabuni ndiyo ilimuokoa.

Ile damu ndiyo ilikuwa swali lake. Kama ni tifoide, juu ya nini damu haikauke? Alimuomba mutawa mumoja mugonjwa akubali kwenda naye Kinshasa. Mutawa alikufa kule, lakini damu yake ilitumwa Antwerpen, Ubelgiji, ndani ya termosi. Wanganga wa kule waliiangalia na mashini kubwa ya kuonyesha vitu vidogo, wakaona virusi virefu sawa munyoo. Labo ya Marekani, kule Atlanta, ilihakikisha kwamba ni virusi vipya, vyenye havikuwa na jina. Viliitwa Ebola, jina la muto wa upande ule.

Watu 318 walipata ugonjwa ile mara ya kwanza, na 280 kati yao walikufa.

Kuna kitu kingine cha Yambuku chenye kila mufanyakazi anapaswa kujua. Wakati wachunguzi walifika nyuma, waliuliza ugonjwa unapita wapi. Waliona kwamba kila asubuhi wauguzi walikuwa wanapewa sindano 5 tu kwa kazi ya siku nzima. Zilisukutuliwa na maji ya moto kidogo, kisha zinaingia kwa mutu mwingine. Ni vile walizoea, na umasikini uliwalazimisha. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walipata ugonjwa kwa njia ya zile sindano. Wafanyakazi wenyewe hawakupona: kati ya watu 17 wenye walitumika pale lopitalini, 11 walikufa, na lopitali ikafungwa. Hakuna haki ya kuwalaumu. Lakini mutu akisikia tena kwa kazi «ni vile tumezoea», akumbuke kwamba mazoea yanaweza kuua hata mwenye kuyafanya.

Kikwit, 1995: mutu mwenye aliona mbele anaona haraka

Miaka 19 ilipita. Mu 1995, watu walianza kufa katika muji wa Kikwit, na wafanyakazi wa lopitali pamoja nao. Wengi walifikiri ni ugonjwa wa tumbo wenye unaleta kuhara damu. Walimuita Muyembe. Alipoona wagonjwa, alikumbuka Yambuku, akaomba damu itumwe inje kupimwa. Ilikuwa Ebola. Watu 315 walipata ugonjwa pale Kikwit, na 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya.

Hapa kuna faida ya kwanza ya hamu ya kujua: haipotee. Mutu mwenye aliuliza vizuri mara moja anabeba jibu ndani yake, na siku hali inarudi, anaitambua mbele ya wengine. Watu wanaita hiyo uzoefu. Lakini miaka peke yake haileti uzoefu. Mutu mwenye alitumika miaka 20 bila kuuliza ana mwaka mumoja wenye alirudilia mara 20.

Pale Kikwit, Muyembe na wenzake walijiuliza swali lingine. Watu fulani walikuwa wanapona bila dawa. Juu ya nini? Kitu gani kiko ndani ya damu yao chenye hakiko ndani ya damu ya wenye kufa? Mwili wa mutu ukipigana na ugonjwa, unatengeneza askari wake ndani ya damu, na kila kundi la askari linajua adui yake. Mutu mwenye alipona Ebola ana askari wenye wanajua Ebola. Basi wakafikiri: tukimupa mugonjwa damu ya mutu mwenye alipona, pengine tutamupa pia wale askari.

Walijaribu kwa wagonjwa 8. Saba walipona, mumoja alikufa. Kwa ugonjwa wenye uliua watu karibu wanane kwa kumi pale Kikwit, hiyo ilishangaza.

Swali zuri bado halijakuwa jibu

Wanganga wengi wa inje hawakusadiki. Na walikuwa na sababu. Walisema: watu 8 ni wachache. Pengine wale 7 walikuwa tayari njiani kupona wakati walipewa damu. Pengine walitunzwa vizuri kupita wale wa kwanza. Hakukuwa kundi lingine la kulinganisha nalo.

Sehemu hii ya historia inapitwa mara mingi wakati watu wanasifu hamu ya kujua, na kumbe ni yenye lazima. Mutu mwenye kuuliza anaweza kupenda jibu lake sana, mupaka akasahau kulipima. Muuguzi anaona mugonjwa mumoja amepona na majani fulani, anaanza kuyapa wote. Mulimaji anaona muhogo umezaa vizuri mwaka wenye aliweka majivu, anasahau kwamba mwaka ule mvua ilikuwa nzuri pia. Mwenye hamu ya kujua ya kweli anaongeza swali la pili juu ya lile la kwanza: «Nikikuwa nimejidanganya, nitajulia wapi?»

Ile kazi ya Kikwit haikutupwa. Mu 2006, miaka 11 nyuma, mutu mumoja mwenye aliponea Kikwit alitoa damu yake, na watafuta-elimu wa Marekani wakishirikiana na Wakongo walikuta kwamba wale askari walikuwa wangali ndani yake. Kati ya askari wote, walichagua mumoja mwenye nguvu, wakajifunza kumutengeneza kwa wingi katika labo. Walimupa jina mAb114. Leo dawa hiyo inaitwa Ebanga.

Beni, Butembo, Mangina: swali linapimwa

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kuanzia upande wa Mangina, katika territwari ya Beni. Ugonjwa ulidumu mupaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3 470 waliupata, 2 287 walikufa. Ulifika mupaka muji wa Goma mu Julai 2019, na mwezi wenye ulifuata ulifika hata Pinga, katika territwari ya Walikale.

Tangu Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa 4 zilipimwa kwa mara moja. Muyembe alikuwa kati ya waongozi wa kazi hiyo. Namna ilifanywa ni rahisi kueleza. Kila mugonjwa alipewa moja kati ya zile dawa, na hakuna mutu mwenye alichagua: ilikuwa sawa kupiga kura. Juu ya nini kura? Kama munganga anachagua mwenyewe, anaweza kupa wenye nguvu dawa yenye anapenda, kisha akasema dawa yake inaponya. Kura inazuia mutu kujidanganya. Ni jibu la lile swali la pili lenye lilikosekana pale Kikwit.

Mu Agosti 2019, wakati wagonjwa karibu 680 walikuwa wameingizwa, kazi ilisimamishwa, juu tofauti ilikuwa wazi. Kwa wagonjwa 100 wenye walipewa dawa yenye iliitwa remdesivir, 53 walikufa. Kwa 100 wenye walipewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Kwa 100 wa mAb114, karibu 35, na kwa 100 wa dawa nyingine yenye iliitwa REGN-EB3, karibu 34. Kwa wale wenye walikuja haraka, wakati virusi vilikuwa vingali vichache ndani ya damu, hizi dawa mbili za mwisho zilifanya wenye kufa wawe karibu mumoja tu kwa kumi.

Tangu siku ile, Ebola ya aina ile haikuwa tena ugonjwa usiokuwa na dawa. Mbegu ya dawa moja ilikuwa ndani ya damu ya mutu wa Kikwit, na majibu yalitoka kwa wagonjwa na wauguzi wa Kivu ya Kaskazini.

Wakati wenye kuuliza walikuwa wanainchi

Lakini ile kazi ilionyesha pia upande mwingine. Wanainchi wa Beni na Butembo walikuwa nao na maswali. Walikuwa wameona watu wanauawa miaka mingi bila musaada kuja. Sasa magari mingi yanafika kwa ajili ya ugonjwa mumoja. Waliuliza: «Juu ya nini Ebola tu? Malaria haiue? Panga haiue?» Mara mingi hawakupata jibu, walipewa amri. Uchunguzi wenye ulifanywa Beni na Butembo mu Septemba 2018 ulionyesha kwamba karibu mutu mumoja kwa wane hakusadiki kwamba Ebola iko. Vituo vilishambuliwa, na wafanyakazi wa afya waliuawa.

Swali lenye halijibiwi halikufe. Linaenda kutafuta jibu pengine, na mara mingi linalikuta kwa uongo. Hiyo ni kweli kwa muji muzima, na ni kweli pia kwa kazi ya watu watano. Kikundi chenye wafanyakazi wake hawajui juu ya nini mushahara unachelewa, watajitungia sababu, na ile sababu itakuwa mubaya kupita ukweli.

Swali linaweza kukurudisha kwa masomo

Wengi wanafikiri kwamba mutu anapata kwanza diploma, kisha anaruhusiwa kuuliza. Mara mingine inakuwa kinyume: swali ndilo linamutuma mutu kusoma.

Denis Mukwege, mwenye alizaliwa Bukavu mu 1955, alisoma unganga Bujumbura na alitaka kuwa munganga wa watoto. Mu 1983 alianza kutumika kwenye lopitali ya Lemera, katika Kivu ya Kusini. Pale aliona wamama wanafika wakiwa wamechelewa, wengine wamebebwa safari ndefu, wanakufa ao wanaumia vibaya juu ya kuzaa. Haikuwa kazi yenye alipanga. Lakini kile alikiona kila siku kilimuuliza: watoto watapona namna gani kama wamama zao wanakufa wakizaa? Alienda Angers, inchi ya Ufaransa, kusoma tena unganga wa wamama, kisha akarudi Lemera. Mu 1999 alianzisha lopitali ya Panzi, pale Bukavu, na mu 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Si kila mutu atapata njia ya kwenda Ufaransa. Lakini mwendo ni uleule kwa muuguzi wa poste ya afya mwenye anaomba apelekwe formasyo ya siku tatu juu aliona tatizo fulani linarudi. Yeye atafaidika na ile formasyo kupita mwenzake mwenye alienda juu ya franga za safari, kwa sababu anafika na swali mukononi.

Kutoka lopitali mupaka kwenye jibini ya Masisi

Mu milima ya Masisi, watu wanatengeneza jibini, yenye wengi wanaita fromaji, na inauzwa Goma na hata Kinshasa. Kazi ni ya mikono: maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa, maji yanatoka, jibini inafinywa ndani ya chombo, inatiwa chumvi, kisha inawekwa juu ya mbao ikomae.

Siku moja jibini inavimba. Nyuma ya siku moja ao mbili inakuwa na matundu mingi madogo sawa sponji, na harufu mubaya. Mutengenezaji mwenye hana hamu ya kujua anasema ni bahati mubaya, anaitupa ao anaiuza bei ya chini. Mwenye hamu ya kujua anakamata kaye na bike. Anaandika tarehe, maziwa yalitoka kwa ng'ombe za nani, yalikamuliwa saa gani, yalifika saa gani, ndoo ilikuwa ya chuma ao ya plastiki. Hana labo, lakini nyuma ya wiki chache ile kaye inaanza kusema. Mara mingi kuvimba kwa siku za kwanza kunatoka kwa uchafu: mavi kwenye chuchu ya ng'ombe, ndoo yenye haikusafishwa vizuri, maziwa yenye yalingojea sana njiani kwenye joto. Basi anabadilisha kitu kimoja tu: ndoo zote zinaoshwa na maji yenye yamechemka, zinakaushwa zikiwa zimepinduliwa. Anaandika tena. Kama anabadilisha vitu vitano kwa siku moja, hatajua ni kipi kilisaidia.

Hii ni ileile njia ya Beni, kwa udogo wake: kuona, kuandika, kulinganisha, kubadilisha kimoja kimoja.

Kwenye koltani ya Rubaya, swali linaweza kuwa la franga. Wachimbaji wawili wanaleta kilo sawasawa, lakini mumoja analipwa zaidi. Mwenye hauliza anafikiri ameibiwa, ao anafikiri mwenzake ana bahati. Mwenye kuuliza atajifunza kwamba bei haifuate kilo peke yake; inafuata kiasi cha tantale chenye kiko ndani ya mawe, na kwamba kuna mashini ndogo yenye inakipima. Akijua hilo, anaelewa juu ya nini kuosha na kuchagua mawe vizuri ni franga, na anaweza pia kuomba aonyeshwe kipimo. Mbele ya hapo, hakujua hata kitu gani cha kuomba.

Mukubwa wa kazi naye ana sehemu yake

Hamu ya kujua haikomae mahali shefu anaona kila swali kuwa matusi. Magari ya Toyota yenye yanapanda barabara mubaya za Masisi yanatoka kwa kampuni yenye ilijenga jina lake pia juu ya kuuliza. Taiichi Ohno, mumoja wa wakubwa wa Toyota kule Japani, alifundisha wafanyakazi kuuliza «juu ya nini» mara tano mbele ya kutengeneza kitu chenye kimeharibika. Na katika usini zao kuna kamba yenye mufanyakazi wa kawaida anaweza kuvuta akiona kosa, hata kama kuivuta kunaweza kusimamisha kazi. Hagombezwe kwa kuivuta.

Njia hiyo inafaa hata kwa kazi ndogo. Tuseme grupu ya umeme ya kituo imezimika. Juu ya nini? Ilipata moto sana. Juu ya nini? Mafuta ya injini yalipunguka. Juu ya nini? Hakuna mwenye aliyaangalia wiki hii. Juu ya nini? Kila mutu alifikiri mwenzake ndiye anaangalia. Juu ya nini? Hakuna karatasi yenye kuandikwa nani anaangalia siku gani. Mwenye aliishia kwa swali la kwanza atanunua kipande kipya, na nyuma ya miezi miwili atakinunua tena. Mwenye alifika kwa la tano atatumia karatasi moja.

Ona pia kwamba jibu la mwisho halikuwa jina la mutu. Shefu mwenye anauliza «ni nani?» atapata uongo, juu kila mutu atajificha. Shefu mwenye anauliza «ni juu ya nini?» atapata ukweli polepole. Hata kusema tu «Sijui, twende tuangalie pamoja» hakumuondolee heshima. Wafanyakazi wanajua tayari kwamba hajui kila kitu.

Mwenye kuuliza naye achunge namna yake. Swali lenye linaulizwa mbele ya wageni, na sauti ya kumupima mukubwa, linafunga mulango. «Papa, nisaidie kuelewa kitu kimoja» inaufungua. Na katika inchi yenye vizuizi vya barabara na watu wenye silaha, mutu mwenye kuandika hesabu na kuuliza njia anaweza kudhaniwa kuwa mupelelezi. Basi aseme mapema anauliza kwa ajili ya nini, aombe ruhusa ya kuandika, na abaki ndani ya kazi yake. Kuna maswali yenye mutu anayaacha kwa leo kusudi afike nyumbani.

Kuandika, na kuweka jina

Kwa miaka mingi, vitabu vya inje vilivyosimulia kuvumbuliwa kwa Ebola vilisema zaidi habari za labo za Ulaya na Marekani. Jina la munganga wa Kongo mwenye alitoa damu Yambuku lilisemwa kidogo tu, ao halikusemwa. Moja ya sababu ilikuwa wazi: Kongo haikuwa na labo ya kupima, na damu ilipaswa kwenda mbali. Mwenye mashini ndiye aliona virusi, na mwenye aliona virusi ndiye aliandika.

Muyembe hakuishia kwa kulalamika. Alitumika kujenga INRB, chuo cha utafiti wa magonjwa cha Kinshasa chenye anaongoza tangu 1998. Mu 2019 alipewa Japani zawadi ya Hideyo Noguchi, na mwaka ule alisema wazi kwamba damu za wagonjwa wa Ebola zitabaki Kongo na zitachunguzwa Kongo. Leo INRB ina labo hata pale Goma.

Mufanyakazi wa Masisi anaweza kukamata somo hilo bila kungojea labo. Kile aliona, akiandike siku ileile, na tarehe, na jina lake, akitoe kwa raporo ya mwezi ao amwambie mwenzake mbele ya watu wawili. Kitu chenye kilionwa bila kuandikwa kitakuwa cha mutu mwingine, ao kitapotea.

Mu 1976, ilihitajika damu ya mutawa mumoja ipite Kinshasa, ivuke bahari ndani ya termosi, ifike Antwerpen na kisha Atlanta, kusudi Kongo ijue kitu gani kinaua watu wake. Mu 2018, wakati ugonjwa uleule uliingia Beni, damu ya mugonjwa ilikuwa inapimwa palepale Beni, na wafanyakazi wa Kongo, na jibu linatoka kwa masaa tu.